Fahamu: Kwa nini wapandaji wa Kili Challenge hutembea polepole

Kili Challenge, kampeni iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mgodi wa Dhahabu wa Geita na kuendeshwa kwa ushirikiano na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania (TACAIDS), huchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI kwa kuwapandisha washiriki Mlima Kilimanjaro, huku wengine wakiuzunguka kwa baiskeli. Mkazi wa Geita, aliyezoea mwinuko wa takriban mita 1,200, hana kinga katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hushuka hadi karibu nusu ya ile ya usawa wa bahari, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo mno. Uzoefu wa mgodini nao hausaidii, kwa kuwa shimo humpeleka mtu kwenye hewa nzito zaidi, si nyepesi. Ndiyo maana waongozaji, ambao kwa kanuni za hifadhi ni lazima kila mpandaji awe nao, husisitiza mwendo wa taratibu; na, kama ilivyo Himalaya, inashauriwa kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu ni dalili za awali za ugonjwa wa mwinuko, lakini kuyumba, au kukosa pumzi hata mtu akiwa amepumzika, huashiria maji kujaa katika ubongo au mapafu, na hapo tiba ya kwanza ni kushuka mara moja, hata usiku.