Kalsiamu, bawabu wa milango ya moyo

Seli za moyo hazikai kila moja kivyake. Pale zinapogusana pana vijitundu vilivyojengwa na protini iitwayo koneksini: sita upande huu, sita upande wa pili, na katikati njia ya kupitisha ioni na molekuli ndogo ndogo. Kwa njia hiyo umeme hupita kutoka seli hadi seli, na moyo ukapiga kwa pamoja.

Lakini hapo pana hatari. Mtaa ambao nyumba zake zote zina milango baina yao, moto wa nyumba moja si utauteketeza wote? Seli moja ikipasuka, kwa nini jirani zake hazifi nayo?

Suala hili ni la zamani. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Kijerumani, Theodor Wilhelm Engelmann, aliona kwamba moyo ukikatwa, seli zilizoguswa na kisu hufa lakini jirani zake hubaki hai. Ushahidi mzito wa sababu yake ulikuja karibu miaka mia baadaye. Katikati ya miaka ya 1970, huko Marekani, Birgit Rose na Werner Loewenstein walitumia tezi za mate za buu wa mdudu afananaye na mbu, maana seli zake ni kubwa ajabu. Walizitia protini ya konyeza, yule yule anayewasha baharini, ambayo hung'aa ikikutana na kalsiamu. Mng'ao ulipofika mpakani mwa seli mbili, njia zilifunga.

Ndani ya seli yenye afya kalsiamu ni kidogo mno, takriban mara 10,000 pungufu ya iliyo nje. Ukuta ukitoboka humiminika ndani, na wingi huo ndio amri ya kufunga. Tindikali nayo hufunga.

Wakati wa shambulio la moyo, seli zinazokosa damu hujaa vyote viwili. Milango hufungwa, jirani huokoka, ila umeme hukosa njia, huzunguka hovyo, na moyo ukaweza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Wengi hufa hapo. Rotigaptide, dawa iliyobuniwa kuiacha milango wazi, ilipunguza misukosuko hiyo kwa wanyama katika majaribio ya miaka ya 2000, lakini haikufika madukani. Madaktari bado wanategemea kuzibua mshipa mapema, na mashine ya kuushtua moyo kwa umeme.