Rangi Iulizwe Mwisho

Samaki wa buluu mwenye milia myeusi, mrefu kama kidole cha shahada, ndiye anayekamata macho ya wengi katika maduka ya samaki wa mapambo. Jina lake la kitaalamu ni Chindongo demasoni. Kwao ni Mawe ya Pombo, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, na wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Kwa kuwa hazidi sentimita 8 au 9, mnunuzi huona anafaa kabisa kwa tangi dogo la sebuleni. Hununua wawili, dume na jike wa kukisia. Haichukui muda, anabaki mmoja.

Demasoni ni mmoja wa mbuna, samaki wadogo wa miambani walio ukoo mmoja na sato na perege. Dume hujitwalia kipande cha mwamba, hula mwani ulioota juu yake, na hasimu wake mkubwa ni mwenziwe wa rangi ileile. Ziwani anayeshindwa hutoroka. Kati ya vioo vinne hana pa kwenda, na aliyeshinda hachoki kumfukuza. Wafugaji wazoefu hupunguza ukali huo kwa kuweka kundi la demasoni 12 au zaidi katika tangi kubwa, ili kila mmoja asumbuliwe kidogo badala ya mmoja kusumbuliwa mpaka afe. Nafasi hiyo tangi dogo halina.

Tropheus wa Ziwa Tanganyika, ambao rangi zao hubadilika kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine, ni wakorofi vilevile. Samaki kama hao ndio walioyafanya majina ya Kigoma na Bujumbura yajulikane kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, na fahari hiyo ni ya haki. Lakini umaarufu si upole. Kwa wengi wa samaki hawa, rangi kali ya dume ni onyo kwa madume wengine, na anayechagua kwa jicho peke yake huishia kununua ugomvi.

Tangi dogo linalozungumzwa hapa ni lile la futi 2: urefu sentimita 60, upana 30 na kina 30. Hesabu yake ni lita 54, nazo hupungua changarawe na mawe yakishaingia. Katika maji machache kiasi hicho kila kosa huonekana haraka. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Bakteria wanaoota kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka maji yabadilishwe. Bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. Tangi linalojazwa maji Jumamosi asubuhi na kutiwa samaki 20 jioni yake halijawa na bakteria hao, na ndiyo maana samaki wengi hufa katika wiki za mwanzo huku lawama zikimwangukia muuzaji.

Maji yenyewe si mamoja kila mahali, na jambo hili ni zito kuliko rangi yoyote. Visima vya Unguja na vya pwani ya Mombasa huchimbwa katika mwamba wa matumbawe, hivyo maji yake hubeba chokaa nyingi: sabuni haitoi povu kirahisi, na birika hujijengea ukoko mweupe ndani. Hayo ni maji magumu. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini, yanakotiririka maji ya milima ya Aberdare, nayo ni laini. Samaki aliyeumbwa kwa maji laini hudhoofika polepole katika maji ya kisima cha chokaa, hata kama amelishwa vizuri na tangi linang'aa. Klorini ya bomba hutoka maji yakiachwa wazi kwenye ndoo siku nzima. Pale inapotumika kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii, na italazimu dawa ya kuiondoa ambayo huuzwa kwenye maduka hayohayo ya samaki.

Halafu joto. Chumbani Mombasa au Dar es Salaam maji ya tangi yanaweza kufika nyuzi 29 bila msaada wowote, wakati Nairobi, Arusha au Mbeya yanaweza kushuka chini ya 20 usiku wa Julai.

Kwa mtu wa pwani mwenye maji magumu, chaguo la kwanza ni gapi. Samaki huyu wa Trinidad, Venezuela na nchi jirani anapenda chokaa, anavumilia joto na hana ugomvi na yeyote. Dume ana sentimita 3 hivi, na mkia wake huja kwa rangi za kila namna: chungwa, buluu, nyeusi, madoa kama ya chui. Jike ni mkubwa zaidi, na kwa kawaida rangi yake imepooza. Anayetaka urembo na anunue madume watupu, 8 wanatosha. Akichanganya na majike, ajue kwamba jike mmoja huhifadhi mbegu za dume na kuzaa mara kadhaa, mwezi baada ya mwezi, bila kukutana na dume tena. Lita 54 hujaa watoto kabla mwaka haujaisha. Plati kutoka Meksiko naye hufaa maji hayohayo, na kwake majike wana rangi nzuri sawa na madume, kwa hiyo hata kundi la majike watupu hupendeza. Tatizo ni kwamba jike wa dukani mara nyingi huwa tayari amebeba mimba.

Mwenye maji laini ana uwanja mpana zaidi. Tetra neoni ndiye maarufu: mstari wa buluu unaowaka ubavuni, na chini yake wekundu unaoishia mkiani. Alielezwa kisayansi mwaka 1936 kutoka maji ya juu ya Amazoni, ingawa wengi wanaouzwa leo wamezalishwa mashambani Asia. Buluu yake haitokani na wino wa mwilini. Ni mwanga unaogonga vibamba vidogo vya fuwele katika seli za ngozi na kurudi ukiwa buluu, na taa zikizimwa usiku mstari huo hufifia, jambo linalowatia hofu wafugaji wapya wanaomkuta amepauka alfajiri. Tetra huyu hutembea kwa kundi. Wakiwekwa wawili au watatu hujificha na rangi huwatoka. Wakiwa 8 au 10 hutulia na kung'aa. Joto la nyuzi 29 halimfai, kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam mwenye maji laini afikirie rasbora wa Malaysia na Sumatra, mwenye mwili wa rangi ya shaba na pembetatu nyeusi ubavuni. Huyu anaivumilia pwani vizuri zaidi, na kwa jicho la mwandishi huyu ndiye samaki mwenye heshima kuliko wote wa saizi yake.

Nyanda za baridi zina bahati ambayo wenyeji wake hawaijui. Yuko samaki mdogo wa China, Tanichthys albonubes, aliyepatikana katika mlima Baiyun karibu na jiji la Guangzhou na kuelezwa mwaka 1932. Sehemu ya kwanza ya jina lake inamkumbuka Tan, kiongozi wa skauti aliyemgundua. Ana mapezi mekundu na mstari wa dhahabu, anafika sentimita 4, na hupenda maji ya nyuzi 16 hadi 22. Nairobi au Iringa anaishi bila hita, na hilo ni punguzo la bili ya umeme. Chini yake, mchangani, afugwe koridora, kambare mdogo mwenye deraya ya mifupa anayepekua mchanga kutwa nzima bila kumgusa mtu. Aina moja yake, Corydoras paleatus, ilikusanywa na Charles Darwin katika safari ya meli ya Beagle na kuelezwa mwaka 1842. Nayo huyapenda maji ya ubaridi huohuo. Tanichthys 8 na koridora 5 wanalitosha tangi la futi 2. Mchanga uwe laini, maana changarawe yenye ncha hukwangua sharubu za koridora.

Beta, yule mpiganaji wa Thailand ambaye serikali ya huko ilimtangaza mnyama wa taifa wa majini mwaka 2019, anaweza kuishi na wengine, kwa masharti. Awe dume mmoja tu, na asichanganywe na gapi, kwa kuwa mkia mrefu wenye rangi humfanya adhani amekutana na dume mwenziwe. Kando ya rasbora na koridora mara nyingi hukaa kwa amani.

Wapo wa kuachwa dukani hata kama bei ni ya kutupa. Samaki wa dhahabu hupita sentimita 20 na huchafua maji kupita kiasi. Barbi mwenye milia kama ya simbamarara hung'ata mapezi ya wenziwe. Samaki malaika akikua humeza tetra neoni. Yule kambare anayeuzwa kama msafishaji wa vioo, anayenyonya kioo kwa mdomo, anaweza kufika sentimita 40, na mwenye duka husahau kulitaja hilo. Kuna pia samaki wa kioo wa Asia, mwenye mwili unaopenya mwanga, ambaye wafanyabiashara wengine humdunga rangi za waridi na kijani kwa sindano. Rangi hiyo hufifia baada ya miezi, kama samaki mwenyewe amepona majeraha. Asinunuliwe.

Neno la mwisho linahusu watakaozidi tangini. Mwaka 1866 mkazi wa Trinidad aitwaye Robert John Lechmere Guppy alipeleka samaki London, na Albert Günther wa jumba la makumbusho la huko akawapa jina la Guppy, ndilo gapi la leo. Günther huyohuyo ndiye anayekumbukwa katika jina la Nothobranchius guentheri, samaki mwekundu na buluu wa vidimbwi vya Unguja, ambaye mayai yake hungoja mvua ndani ya tope kavu na ambaye hapatikani kiasili kwingineko duniani. Gapi wamekwisha kusambazwa katika nchi nyingi za joto kula viluwiluwi vya mbu, na wakishaingia bwawani hawatoki tena. Kwa hiyo samaki waliozidi wapewe mfugaji mwingine au warudishwe dukani. Wasimwagwe mtoni, bwawani wala mtaroni, wakavamia makao ya samaki wenyeji kama huyo wa Unguja.