Masikio Yavumayo na Dawa ya Sonona

Wako miongoni mwetu watu ambao masikio yao huvuma usiku na mchana, wala hapana mwingine ausikiaye mvumo huo. Mmoja husikia nyenje, mwingine filimbi, mwingine chungu kichemkacho. Majumbani mwetu watu hukimbilia kusema ni jini. Lakini aghalabu asili yake ni usikivu uliopungua, kwa uzee au kwa makelele ya mashine na vipaza sauti.

Mvumo ukikaa sana huondoa usingizi, na usingizi ukiondoka sonona haiko mbali: mtu hataki chakula, hataki watu, hata sala humwia nzito. Hapo tabibu humwandikia dawa ya sonona. Naye mgonjwa akiisoma karatasi iliyomo kisandukuni, akuta imeandikwa kwamba dawa hiyo yaweza kuleta mvumo wa masikio! Afanyeje?

Sisi twaona la kwanza ni kujua dawa hiyo yatibu nini. Mwaka 2014 chama cha matabibu wa masikio, pua na koo cha Marekani kiliwashauri matabibu wasiwe na desturi ya kutoa dawa za sonona kwa ajili ya mvumo peke yake, kwani haikuthibiti kuwa zauondoa. Kikasifu zaidi matibabu ya mazungumzo, ambayo humfundisha mtu kuishi na sauti ile bila ya kuiogopa. Basi asiye na sonona ana haki ya kuuliza, "Dawa hii nainywea nini?" Ama aliye na sonona ya kweli, na aipime dawa kwa sonona yake. Wako ambao huzuni ilipotulia mvumo ulibaki palepale, lakini haukuwaudhi tena kama zamani.

Tena, kutajwa katika karatasi si kusema kwamba litampata kila mtu. Wazee wetu waliomeza kwinini kwa ajili ya malaria waijua sauti hiyo, nao hawakuiacha homa iwaue.

Akikubali kuijaribu, amwombe tabibu aanze na kiasi kidogo, na asibadili dawa nyingine wakati ule ule, illa kwa shauri lake. Kila jioni aandike katika daftari mvumo ulikuwaje na alilala saa ngapi. Nafuu huchukua majuma kadhaa, na taabu huitangulia. Hapo ndipo wengi huitupa dawa. Mvumo ukizidi arejee kwa tabibu, wala asiikate ghafula, kwani kuikata hivyo nako kwaweza kuleta kizunguzungu na mvumo.

Kwa vijana walio chini ya miaka 25, wazazi wawe macho zaidi katika majuma ya kwanza, na kila kiasi kibadilishwapo. Kijana akitaja kujiua, apelekwe hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Na Ramadhani ikikaribia, mgonjwa amwone tabibu mapema. Dawa inywewayo mara moja kwa siku aghalabu yaweza kuhamishiwa wakati wa futari au wa daku.