Mnara Uliopinda

Bila shaka umewahi kuona mlango wa mbao mbichi. Ukiwa mpya hufunga vizuri. Mbao zikikauka hunywea na kupinda, na mlango haufungi tena.

Huko Uingereza, katika mji wa Chesterfield, liko kanisa la parokia ambalo mnara wake umepinda. Kanisa hilo lilijengwa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Mnara wake una sehemu mbili. Sehemu ya chini ni ya mawe. Juu yake kuna kilele kirefu chenye ncha, kilichojengwa kwa mbao karibu na mwaka 1362. Kutoka chini hadi nchani ni karibu mita 70. Kilele hicho kimejisokota kama kamba, na ncha yake imekwenda upande karibu mita 3.

Zamani watu walisema kuwa Shetani ndiye aliyekipinda. Lakini sababu zenyewe zimo katika ujenzi.

Kwanza, mbao zilikuwa mbichi. Mafundi wa siku zile walipenda mbao mbichi kwa kuwa ni rahisi kuchonga.

Pili, ndani ya kilele hawakuweka mbao za mshazari za kutosha. Mbao hizo ndizo zinazoshika nguzo zisiende upande. Minara mingine ya mbao mbichi ilisimama wima kwa sababu ilishikwa vizuri.

Tatu, kilele kimefunikwa kwa mabamba ya risasi yenye uzito wa tani 33 hivi. Tena, jua huchoma upande mmoja zaidi, na risasi ikipata joto hutanuka.

Kwa nini mafundi walikosea? Mwaka 1348 ugonjwa wa tauni uliingia Uingereza. Watu wengi sana walikufa, na mafundi stadi walikuwa miongoni mwao. Wengi huamini kuwa waliojenga kilele hiki hawakupata mafunzo ya kutosha. Fundi akifa kabla ya kufundisha, ujuzi wake huzikwa pamoja naye.

Hata hivyo kilele hakikuanguka. Tarehe 22 Desemba 1961 kanisa liliungua, lakini wazima moto walikiokoa. Wenyeji wanakipenda jinsi kilivyo.

Maswali
1. Mbao za mshazari zina kazi gani?
2. Kijijini kwako, ni nani anayefundishwa kazi na mafundi wazee?