Mita Inatazama Muda Gani?

Pitisha sauti ileile kwenye mita mbili zilizo sahihi kabisa, na mara nyingi utapata majibu mawili. Mtangazaji anasoma habari. Mshale wa mita ya kwanza unacheza karibu na sifuri, na mita ya pili inaonyesha vilele vya sauti hiyohiyo vikiwa juu kwa desibeli 10 au zaidi. Hakuna iliyoharibika. Zinatofautiana kwa sababu kila moja imeundwa kutazama kipande cha muda chenye urefu wake. Fundi mitambo asiyejua mita yake inatazama muda gani anasoma namba asiyoielewa, na hasara yake hujitokeza baadaye: kipindi kinakwaruza hewani, au wimbo uliokuwa umeshiba studio unanyong'onyea ukifika kwa msikilizaji.

Tuanze na mita ya VU, ile yenye mshale na uso wa rangi ya krimu. Miaka ya 1930 huko Marekani vituo vya redio vilikuwa vikirushiana vipindi kwa laini za simu, na kila kampuni ilikuwa na mita yake, hivyo mafundi wa pande mbili za laini walisoma namba tofauti kwa sauti moja. Kampuni za redio za CBS na NBC na maabara za Bell wakaketi pamoja, na mwaka 1939 wakakubaliana juu ya mita moja. Alama zake zinaanzia -20 hadi +3. Sharti lake kubwa linahusu mwendo: ukiipa ghafla toni ya kiwango cha sifuri, mshale uchukue milisekunde 300 kufikia asilimia 99 ya kipimo, na ukipitiliza, usizidi asilimia 1.5.

Tabia yote ya mita hiyo imo ndani ya sharti hilo. Katika milisekunde 300 msemaji wa kawaida hutamka silabi moja au mbili. Kwa hiyo mshale unafuata uzito wa maneno, na ncha kali za mawimbi unaziacha zipite. Kwa mazungumzo hilo ni jambo jema, kwani sikio nalo hupima ukubwa wa sauti kwa namna inayokaribiana na hiyo. Sasa weka kayamba mbele ya maikrofoni. Kila mbegu inapogonga unyasi, mlio wake huzuka na kufifia ndani ya milisekunde chache tu. Kabla mshale haujaanza kuinuka vizuri, mlio umeshakwisha na mwingine umeshaanza. Utaona mshale unatambaa chini kabisa, nawe utashawishika kuongeza sauti, kumbe huko ndani ya miksa vilele vimeshafika mwisho na kuanza kukatwa. Ukitaka kuijaribu mita usiyoijua, tikisa kayamba au kishada cha funguo, kisha sema neno moja kwa sauti ya kawaida, ulinganishe.

BBC walikuwa na shida nyingine. Mtambo wa kurushia matangazo ya AM ukizidishiwa sauti, wimbi lake hukatika na kuvuruga vituo vilivyo jirani kwenye masafa, kwa hiyo walichohitaji kuona ni kilele. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wakatengeneza mita inayoitwa PPM: uso mweusi, namba nyeupe kutoka 1 hadi 7, na desibeli 4 kati ya namba na namba. Namba 4 ni volti 0.775, na kipindi hakitakiwi kuvuka namba 6. Mshale wake hupanda upesi mno lakini hushuka pole pole, ukichukua karibu sekunde 3 kutoka 7 hadi 1, ili jicho la fundi liwahi kukiona kilele kilichopita.

Hata hivyo PPM nayo haioni kila kitu. Toni ya milisekunde 10 inaisoma pungufu kwa desibeli 2.5, toni ya milisekunde 1.5, pungufu kwa desibeli 9. Hilo lilifanywa kwa makusudi, kwa hoja kwamba mkwaruzo mfupi kiasi hicho sikio halitaugundua, na kuufuata kungemlazimu fundi ashushe kipindi kizima bila sababu. Naona ulikuwa uamuzi wa busara sana. Waliounda mita ile walianza na msikilizaji, ndipo wakaja kwenye umeme.

Kompyuta zilipoingia studio, busara hiyo haikutosha tena. Katika mfumo wa dijitali kuna kikomo kisichovukika, nacho ndicho kinachoitwa sifuri. Viwango vyote vinahesabiwa chini yake, kwa alama ya kutoa. Kinachokizidi hukatwa papo hapo, hata kiwe kifupi vipi. Mita ya dijitali basi hutazama sampuli moja moja, na kwa kurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni takriban milisekunde 0.02. Ungedhani hapo tumefika mwisho wa usahihi. Hatujafika.

Chukua toni ya hezi 12,000. Kwa sampuli 48,000 kila wimbi linapata sampuli nne tu. Zikitokea kuangukia katikati ya mteremko, mbili kabla na baada ya ncha ya juu, mbili kabla na baada ya ncha ya chini, hakuna hata moja itakayogusa ncha. Mita itaonyesha -3 wakati wimbi lenyewe linafika sifuri. Ukiipandisha faili hiyo mpaka mita ionyeshe sifuri, wimbi litakalotoka kwenye spika litakuwa limevuka kwa desibeli 3, na kifaa cha msikilizaji ndicho kitakachokwaruza. Ndiyo sababu ya mita za kilele halisi, zinazokokotoa umbo la wimbi baina ya sampuli.

Kilele hata hivyo hakisemi sauti ni kubwa kiasi gani masikioni. Tangazo la biashara lililobanwa kwa kompresa na tamthilia tulivu vinaweza kuwa na kilele kimoja, na bado tangazo likamshtua aliyelala kwenye kochi. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilichapisha kanuni ya BS.1770: sauti inachujwa ili besi nzito zipungue na masafa ya juu yapewe uzito zaidi, kisha nguvu yake inahesabiwa kwa kipimo kiitwacho LUFS. Mita yake huonyesha milisekunde 400 zilizopita, sekunde 3 zilizopita, na kipindi kizima tangu kianze. Kipimo cha kipindi kizima siku hizi huruka sehemu za ukimya, mtu asijaze kimya ili apate nafasi ya kupiga kelele. Watangazaji wa Ulaya walichagua LUFS -23 kwa kipindi kizima mwaka 2010.

Kwa maprodyuza wetu wa Bongo Flava na singeli hesabu hii ni ya fedha na jasho. YouTube na Spotify hushusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi karibu -14. Wimbo uliobanwa hadi -8 utashushwa desibeli 6. Ngoma zilishapoteza mshindo wake zilipobanwa, na ule ukubwa uliotafutwa kwa gharama hiyo haumfikii mtu.

Kwa studio ndogo ya redio, ningeweka mita mbili: moja ya kilele halisi, nyingine ya LUFS. Na kabla ya kutuma kipindi kituo kingine, weka mwanzoni toni ya hezi 1,000 kwa kiwango cha -18, kulia na kushoto sawa. Toni hiyo haina ncha za ghafla wala ukimya, kwa hiyo mita huiona kwa namna moja: ya sampuli itasema -18, ya LUFS -18, na PPM iliyopangwa kwa kanuni za Ulaya itasimama kwenye 4. Marekani kiwango cha kupangia ni -20, nacho hulingana na sifuri ya VU, yaani volti 1.228. Kwa hiyo kwenye karatasi inayoambatana na faili andika umetumia kipi, pamoja na LUFS ya kipindi kizima na kilele halisi.