Televisheni ya Chogo na Chenga Zake

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako au kwa jirani yako bado ipo televisheni ya chogo? Nasema ile nzito, ya kubebwa na watu wawili, yenye kioo kilichotuna mbele na mgongo mrefu nyuma, hata watu wakaipa jina hilo la chogo. Labda ipo pembeni mwa chumba, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake imesimama sanamu ya Bikira Maria pamoja na maua ya plastiki. Labda imehamia stoo, na kuku anataga juu yake. Vijana wanaicheka. Watoto wadogo hawajaiona ikiwaka hata siku moja. Basi leo tuizungumze kidogo, kwa maana ilikuwa na tabia zake na sauti zake, nasi tulizizoea kama tunavyozoea kikohozi cha babu.

Kwetu Afrika ya Mashariki televisheni haikufika siku moja. Kenya ilianza matangazo mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena Zanzibar ilianza na rangi, wakati nchi nyingi kubwa zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilingoja hata mwaka 1994. Kwa hiyo Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa II alipotutembelea mwezi wa Septemba 1990, mtu wa Bara aliyetaka kumwona ilimbidi afunge safari. Waliobaki nyumbani waliinamisha sikio redioni. Lakini alipozikwa, tarehe 8 Aprili 2005, wengi walimwaga kwa macho yao wakiwa wamekaa kwenye benchi kijijini. Je, wakumbuka lile jeneza la mbao lililowekwa chini mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro, na juu yake kitabu cha Injili, na upepo ukizifunua kurasa zake moja moja? Wengi tuliuona upepo ule katika kioo cha chogo.

Kijijini hapakuwa na umeme. Televisheni ilikuwa ndogo, ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, nayo ilikula betri ya gari. Betri ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa kuchajiwa penye jenereta, ikarudi kesho yake. Kila mtu alijua dalili za betri kuchoka. Picha husinyaa kutoka pembeni, weusi ukaingia kama maji yanavyoingia katika mtumbwi, na mtangazaji akazidi kuwa mdogo hata akawa kama mtoto wa kitovu. Hapo wenye busara walisema tuzime, tubakize ya taarifa ya habari. Katika siku zile za Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 na kuzikwa Butiama tarehe 23, betri hazikuwa na mapumziko.

SAUTI ZAKE

Ukibonyeza swichi, chogo haikukuonyesha kitu papo hapo. Sauti ilitangulia, picha ikafuata baadaye, polepole, kama mtu anayeamka. Kwa nini? Kioo kile kwa kweli ni chupa kubwa isiyo na hewa ndani. Katika shingo ya chupa, huko nyuma kwenye chogo, kuna kipande kidogo cha chuma ambacho lazima kwanza kipate moto hata kiwe chekundu. Kikishapata moto, chembe za umeme ziitwazo elektroni huchomoka na kwenda kupiga kioo kwa ndani. Kioo kimepakwa unga maalum, na unga ukipigwa unang'aa. Profesa mmoja Mjerumani, Karl Ferdinand Braun, ndiye aliyetengeneza chupa ya kwanza ya namna hii, mwaka 1897.

Lakini chembe hizo hazipigi ovyo. Zinakwenda mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, juu hata chini, kama mkulima anayelima kwa ng'ombe. Inasimuliwa ya kuwa Mmarekani Philo Farnsworth alipata wazo hili akiwa kijana wa miaka 14, akilima shamba la viazi la baba yake. Aliitazama mistari ya udongo nyuma yake, akafikiri kwamba hata picha yaweza kukatwakatwa hivyo na kupelekwa mbali. Mwaka 1927, akiwa na umri wa miaka 21, alifaulu kurusha picha yake ya kwanza kwa umeme. Namwona kuwa ndugu yenu, ninyi mnaoshika jembe.

Televisheni zetu zilichora mistari 625 kwa kila picha, na picha 25 kila sekunde. Zidisha mwenyewe: mistari 15,625 kwa sekunde moja. Mwendo huo ulikuwa na mlio wake, mwembamba sana, kama wa mbu wa mbali. Watoto waliusikia vizuri, wazee hawakuusikia kabisa, kwa sababu sikio la mtu mzima hupoteza kwanza sauti nyembamba. Ndiyo maana mama aliweza kupunguza sauti hata mwisho apate kutazama kwa siri, na mtoto aliyetakiwa kulala akainuka kitandani akauliza, "Mama, mbona televisheni inawaka?"

Zile za rangi zilikuwa na mlio mwingine. Ukiiwasha, ilitoa "vuuum!" moja nzito, na picha ikatetemeka kidogo. Hiyo ilikuwa dawa yake yenyewe. Nyuma ya kioo kuna bati jembamba lenye matundu mengi mno, na bati hilo likishikwa na nguvu ya sumaku, rangi zinachanganyika. Waya wa shaba uliozungushwa kando ya kioo huifukuza sumaku hiyo kila unapoiwasha. Watoto waligundua jambo hili bila kufundishwa: walileta spika mbovu yenye sumaku karibu na kioo, na uso wa mheshimiwa waziri ukawa wa kijani upande mmoja na wa zambarau upande wa pili. Walipigwa, lakini walikuwa wamejifunza fizikia.

Tena ukipitisha mkono karibu na kioo, vinyweleo vilisimama, na vumbi lote la nyumba lilikimbilia hapo. Ukiizima ile nyeusi na nyeupe, mwanga ulijikusanya katikati ukawa nukta moja nyeupe, ikakaa kidogo, ikapotea. Watoto walingoja nukta ile ife ndipo wakubali kwenda kulala. Na usiku, watu wakiwa kitandani, sanduku lake lilikuwa likipoa na kujikunja, "ta!... ta!", hata mgeni akashtuka akidhani pana mwizi.

CHENGA

Haya, tuje kwenye chenga. Antena isiposhika vizuri, au stesheni ikishafunga, kioo kilijaa vitone vyeupe vinavyochemka, na sauti ya "shhhh" kama mvua juu ya bati. Watu wetu wakaviita chenga, kama chenga za mchele, nami sijaona lugha iliyovipa jina zuri zaidi. Tulivichukia sana chenga. Lakini sikiliza habari hii.

Mwaka 1964, huko Marekani, wataalamu wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe. Nayo ilitoa "shhhh" isiyokwisha, mchana na usiku, kila upande walikoielekeza. Walifikiri ni kinyesi cha njiwa waliojenga ndani yake; wakakisafisha chote. Sauti ikabaki palepale. Mwisho ilieleweka kwamba ule ni mwangwi wa mwanga wa kale mno, uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye joto kali. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1978. Na katika chenga za televisheni yako, yapata sehemu moja katika mia ilitoka huko.

Kwetu Wakatoliki habari hii ina jambo la kufurahisha zaidi. Aliyetangulia kufundisha, mwaka 1931, ya kuwa ulimwengu wote ulianza kutoka kitu kimoja kidogo sana, alikuwa padre: Georges Lemaître, Mbelgiji, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Wakubwa wengi wa elimu hawakumkubali. Aliletewa habari za antena ile alipokuwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki mwezi wa Juni 1966. Basi sisi tuliokuwa tukiupiga kofi ubavu wa televisheni ili chenga ziondoke, hatukujua tulikuwa tunafukuza nini.

(Kofi lenyewe halikuwa upuuzi. Ndani mlikuwa na viungo vya risasi vilivyoachia kwa joto la kila siku, na mshtuko uliviunganisha tena kwa muda. Lakini fundi hakupenda kusikia hivyo.)

MTU WA ANTENA

Dawa ya kweli ya chenga ilikuwa mtu. Antena ilifungwa juu ya mlingoti wa mwanzi, ikielekezwa mjini, na wengine waliongeza mfuniko wa sufuria. Kijana mmoja alizungusha mlingoti nje. Wa pili alisimama mlangoni. Wa tatu alikaa mbele ya kioo. "Bado!" "Zungusha!" "Hapo hapo! Umepita! Rudisha kidogo!" Mara nyingine picha ilitulia tu wakati kijana ameishika antena kwa mkono, kwa sababu mwili wa mtu nao hunasa mawimbi, akiiachia, chenga zinarudi. Basi maskini yule aliambiwa asimame hivyohivyo hata mpira uishe. Tarehe 31 Mei 2002 Senegali iliifunga Ufaransa 1-0 katika Kombe la Dunia. Nchi nzima ilishangilia, lakini mtu wa antena alilisikia lile bao tu.

Yatupasa kusema kweli, si kila kitu kilikuwa kizuri. Kina mama wengi walikuwa jikoni wakati wanaume wanatazama. Nyumba nyingine ziliwafukuza watoto wa jirani, wakabaki kuchungulia dirishani. Picha yenyewe mara nyingi haikuonyesha nani ni nani. Mimi sitaki turudishiwe betri ya baiskeli.

Hata hivyo chogo ilikuwa na udhaifu mmoja uliotufaa: haikuweza kutazamwa na mtu peke yake. Ilihitaji mwenye betri, mpanda baiskeli, mtu wa antena, na mwenye nyumba ya kukaribisha watu. Baba Mtakatifu Pio wa XII aliliona jambo hili mapema. Katika barua yake ya mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni, aliogopa ubaya utakaoingia hata ndani ya kuta za nyumba, lakini alifurahi kwamba watu wa nyumba moja wataburudika pamoja. Naye ndiye aliyemtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni. Klara alikuwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, masista wenzake wakaenda kanisani bila yeye. Naye, kwa neema ya Mungu, aliyaona na kuyasikia yote kutoka chumbani mwake. Waliporudi kumhadithia, yeye ndiye aliyewahadithia.

Leo nenda katika nyumba nyingi saa mbili usiku. Baba ana simu yake, kijana ana yake, binti ana yake na nyaya masikioni. Picha ni safi, haina chenga hata moja. Bibi amekaa kwenye mkeka, anauliza, "Mnacheka nini?" Hakuna anayemjibu, si kwa ubaya, hawakumsikia. Zamani bibi huyo alikaa kiti cha mbele, na mjukuu akamfasiria.

KABLA HUJAITUPA

Matangazo ya mtindo wa zamani yalianza kuzimwa Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, kwanza Dar es Salaam, kisha mikoa mingine kwa zamu. Tangu hapo antena ya mwanzi haitoshi, lazima king'amuzi. Ndipo machogo mengi yalipotupwa shimoni nyuma ya nyumba. Hapo nakuomba unisikilize vizuri, hasa wewe mwenye watoto wadogo.

Usimwache mtoto aivunje. Chupa ile haina hewa ndani. Ikipasuka hujikunja kwa nguvu na kurusha vipande vya kioo kila upande. Kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi, yaliyowekwa ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji, na risasi ni sumu inayoharibu akili ya mtoto. Unga uliopakwa ndani nao usiguswe wala kuvutwa puani. Wapo vijana wanaochoma nyaya zake wapate shaba ya kuuza. Moshi ule ni sumu pia. Tena usifungue mgongo wake mwenyewe: ile ya rangi ilitumia yapata volti 25,000, na nguvu hiyo yaweza kukaa ndani hata baada ya kuchomolewa. Kama imekufa kabisa, mpe fundi, au iache nzima mahali pakavu.

Na kama bado inawaka, tazama nyuma yake au ubavuni. Ukiona matundu matatu ya rangi, yaani la manjano, jeupe na jekundu, bado ina kazi, maana ving'amuzi vingi vina matundu kama hayo. Waya wa manjano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni ya sauti. Zikiwa na tundu jeupe moja tu la sauti, chomeka waya mweupe, mwekundu uuache. Kisha tafuta kwenye rimoti kitufe cha AV, na umwite bibi.