Chujio la Utando: Matundu Yake Hutoka Wapi?

Kikundi kimoja cha kina mama wa Rhonda kilichanga pesa ya chujio la utando, lile lenye nyuzi za plastiki. Wakatuuliza: litazuia meno ya watoto yasiwe ya kahawia? Jibu letu ni hapana, na sababu iko katika matundu yake.

Wengine hudhani matundu hayo hutobolewa kwa sindano. Sivyo. Plastiki huyeyushwa kwa dawa maalum mpaka iwe nzito kama uji, halafu hupakwa nyembamba, au husukumwa iwe uzi wenye uwazi ndani, na kutumbukizwa majini. Hapo dawa hukimbilia majini na maji huingia mahali pake. Plastiki haipatani na maji, basi inaganda. Mama aliyewahi kukamulia ndimu kwenye maziwa moto ameona jambo kama hilo: mabonge huku, maji kule. Ndani ya utando, plastiki iliyoganda huwa kuta, na palipokuwa na matone ya maji na dawa hubaki matundu. Upande unaogusa maji kwanza huganda mara moja, na matundu yake huwa madogo mno. Ndani zaidi kazi huenda polepole, pakawa kama sponji. Ile ngozi nyembamba ndiyo huchuja. Sponji inaibeba tu.

Matundu ya machujio hayo ni kama maikroni 0.02, na bakteria nyingi hufika nusu maikroni au zaidi. Kipindupindu hakipiti. Lakini floraidi, ambayo maji ya visima vyetu huipata kwenye mawe ya volkano, imeyeyuka kabisa; haifiki hata elfu moja ya maikroni. Inapita tu! Kuchemsha nako hakuiondoi.

Uko utando unaoizuia, wa aina waliyobuni Loeb na Sourirajan huko California karibu mwaka 1960, lakini huhitaji pampu ya nguvu, na sehemu ya maji humwagwa. Kwa kikundi tungependelea mkaa wa mifupa, ambao Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kuushughulikia mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenyewe hunasa floraidi, ila huchoka na lazima ubadilishwe.

Kabla ya kutoa pesa, mwulizeni mwenye mitungi maji ameteka kisima gani, kisha pelekeni chupa moja ikapimwe. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.